UZI: Haiti, haki zetu na bando lako. Kazi ya mbunge ambayo hatumuulizi

1/
Kila tukianza kujadili sera za nje hapa, lazima atokee mtu aseme: "Mimi mbunge wangu nilimchagua alete barabara, maji na basari. Haiti inanihusu nini?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la heshima, si matusi.

Jibu langu ni hili. Kuna mambo matatu ambayo mbunge wako anayapigia kura bila wewe kuona: nani anatumwa nje kwa jina la Kenya, serikali inaruhusiwa kukufanya nini, na wewe unaruhusiwa kusema nini kwa simu yako. Yote matatu huamuliwa kwenye ukumbi mmoja na watu walewale, na wakati mwingine ndani ya sheria moja.

Nasoma sayansi ya siasa chuoni, kwa hivyo nimepitia Hansard nyingi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa. Kama kawaida ya uzi zangu, sitataja mwanasiasa wala chama. Nikitaja jina, nusu yenu mtaacha kusoma hapo, na nusu nyingine mtaanza kushangilia kabla sijamaliza.

2/
Tuanze na siku moja: Jumanne, 25 Juni 2024.

Siku hiyo kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Port-au-Prince, Haiti. Siku hiyohiyo Bunge la Kitaifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakapigwa risasi. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu vifo 39 nchini tangu maandamano yaanze. Na alasiri hiyohiyo ya Jumanne, intaneti ikaanza kusuasua nchi nzima. Wengi wenu mnakumbuka: ujumbe unazunguka tu, hauendi.

Sera za nje, haki za binadamu, uhuru wa mtandaoni, zote kwa siku moja. Sisi tulikumbuka moja tu, ya Mswada wa Fedha. Lakini kila moja ina historia yake ndani ya Bunge.

3/
Kwanza Katiba, maanake bila hiyo tutakuwa tunabishana hewani.

Kabla ya 2010, serikali ilikuwa inaweza kutia saini mkataba wa kimataifa na Bunge lisikie kwenye redio kama wewe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 2(6), ikasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Hapo mambo yakabadilika. Kama mkataba ni sheria, basi anayetunga sheria lazima aupitie.

Ndiyo maana 2012 ikaja Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba. Serikali inajadiliana na nchi nyingine, Baraza la Mawaziri linakubali, kisha mkataba unaletwa Bunge la Kitaifa. Kamati husika inatakiwa kusikiliza umma. Bunge linaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Likikataa, serikali haiwezi kuuridhia.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mbunge wa eneo lako, huyo wa basari, ana nguvu ya kuzuia mkataba wa nchi na nchi.

4/
Mfano wa kwanza: Somalia.

Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Kifungu cha 240(8) cha Katiba kinasema Baraza la Usalama wa Kitaifa linaweza kutuma vikosi vya taifa nje ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge. Katiba ilikuwa na mwaka mmoja tu na miezi kidogo. Jeshi lilivuka kwanza. Idhini ya Bunge ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ikaja Desemba.

Sisemi kwamba vita ile haikuwa na sababu. Watu walikuwa wanatekwa nyara pwani na kule Dadaab. Nasema tu utaratibu: hatua ilichukuliwa, kisha Bunge likaombwa kubariki. Mtindo huo ulianza mapema.

5/
Mfano wa pili: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC.

Kenya iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2005. Septemba 2013, siku chache kabla ya kesi moja ya Kenya kuanza kusikilizwa The Hague, Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja ya kuiondoa Kenya kwenye mkataba huo. Vichwa vya habari dunia nzima: Kenya yajitoa ICC.

Kenya haikujitoa. Mpaka leo haijajitoa.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Hoja si sheria. Hoja ni Bunge kusema linachotaka. Ili nchi itoke kwenye mkataba, serikali lazima iandike barua rasmi kwa Umoja wa Mataifa, na muda upite. Kwa hivyo mbunge akikuambia "tulipiga kura tukatoka", muulize: ilikuwa hoja au mswada? Ukijua tofauti hiyo, utapunguziwa nusu ya kelele za majukwaani.

6/
Mfano wa tatu: Haiti yenyewe.

Novemba 2023 Bunge liliidhinisha polisi 1,000 waende. Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema hapana. Sababu haikuwa kwamba Haiti ni mbali au ni hatari. Mahakama ilisema "vikosi vya taifa" katika Kifungu cha 240 ni jeshi, si polisi. Polisi wana sheria yao, na sheria hiyo inataka kuwe na makubaliano maalum kati ya Kenya na nchi wanakoenda. Makubaliano hayo hayakuwepo.

Tarehe 1 Machi 2024 serikali ikatia saini makubaliano na Haiti. Juni ndege ikaondoka.

Sasa jiulize. Wabunge walipokuwa wanaidhinisha Novemba, sheria ya polisi ilikuwa palepale mezani, imeandikwa kwa lugha ya kawaida. Swali la makubaliano lingeweza kuulizwa na mbunge yeyote kabla ya kura. Likaulizwa kwa uzito na mahakama, baada ya kura.

7/
Si kila mara Bunge hulala. Nitoe mfano wa upande mwingine, tusiwe watu wa kulaumu tu.

Mkataba wa ulinzi kati yetu na Uingereza, unaoruhusu wanajeshi wao kufanya mazoezi Laikipia na Samburu, ulitiwa saini 2021 ukafika Bungeni. Mwaka 2012 mama mmoja kijana wa Nanyuki alikuwa ameuawa, mwili wake ukapatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ukasema aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Miaka ikapita bila mtu kushtakiwa.

Mkataba ulipofika kwa kamati ya ulinzi na mahusiano ya nje, hilo swali halikupita kimya. Kamati ilitaka kosa la mauaji liwe miongoni mwa makosa ambayo mwanajeshi mgeni anaweza kushtakiwa hapa. Bunge liliuridhia mkataba 2023. Baadaye kamati ikaenda mashinani kusikiliza wakazi waliosema wameumizwa na mazoezi hayo. Na Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mshukiwa mmoja.

Mbona hii ni tofauti na Haiti? Kwa sababu maswali yaliulizwa kwenye kamati, na watu wa Nanyuki walikuwa wameshapiga kelele miaka mingi. Kamati haikuota hilo swali usingizini. Ililetewa.

8/
Sasa tuingie kwenye simu yako.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ilikuwa na kifungu cha 29. Kilisema ni kosa kutumia mtambo wa mawasiliano kutuma ujumbe wa kuudhi sana, mchafu au wa kutisha, au ujumbe wa uongo wa kumsumbua mtu. Adhabu: faini hadi shilingi 50,000 au jela hadi miezi mitatu.

Maneno hayo hayakuzaliwa Nairobi. Yanafanana karibu neno kwa neno na sheria ya posta ya Uingereza ya 1935, iliyohusu watu wanaotumia simu ya waya kutoa matusi. Bunge letu lilipotunga sheria ya mawasiliano 1998, likayachukua. Facebook ilipofika, maneno ya simu ya waya yakaanza kukamata vijana kwa walichoposti.

Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho. Jaji alisema maneno ni mapana mno, raia hawezi kujua mapema lini anavunja sheria. "Kuudhi" ni nini? Ni nani anapima? Polisi wa kituo gani?

Hesabu mwenyewe: kuanzia 1998 mpaka 2016 ni miaka 18. Katika muda huo Bunge lilikuwa na nafasi nyingi za kurekebisha sentensi moja. Raia aliyeshtakiwa ndiye aliyeirekebisha, kwa kwenda kortini.

9/
Mwaka uliofuata, 2017, Mahakama Kuu ilifuta viwili vingine kutoka Kanuni ya Adhabu: kile cha kudharau mamlaka ya ofisa wa umma, na kile cha kumfunga mtu jela kwa kumharibia mwingine jina. Vyote ni vya urithi wa mkoloni. Hapo tena Bunge halikuwa limegusa chochote. Mahakama ndiyo ilifagia.

10/
Kuna mahali ambapo mambo yote matatu yaliingia kwenye sheria moja, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi Mandera, uliletwa mswada wa kurekebisha sheria nyingi za usalama kwa mkupuo. Kikao cha kuupitisha kilikuwa vurugu tupu, wabunge wakisukumana na kumwagiana maji, nasi tukitazama kwenye televisheni kama mchezo wa mieleka. Siku iliyofuata ukatiwa saini.

Watu walizungumzia yale maji. Ndani ya karatasi kulikuwa na kifungu cha kutoza faini hadi milioni 5 au jela miaka 3 kwa kuchapisha habari na picha za aina fulani kuhusu ugaidi. Hiyo ni uhuru wa kusema. Kulikuwa na kifungu cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, wakati huo Dadaab na Kakuma zikiwa na mamia ya maelfu. Hiyo ni sera za nje na haki za binadamu kwa pamoja, maanake Kenya imeridhia mkataba wa 1951 wa wakimbizi, na huwezi kumrudisha mtu kwenye vita kwa sababu nambari imejaa.

Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, hivyo viwili vikiwemo.

11/
Mei 2018: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Ilitiwa saini tarehe 16. Kufikia tarehe 29 mahakama ilikuwa imesimamisha vifungu 26, baada ya wanablogu kwenda kortini. Kimoja kati ya vilivyolalamikiwa kilisema kuchapisha habari za uongo za kuleta taharuki ni faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 10. Linganisha na ile ya 1998: miezi mitatu.

Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo viko sawa kikatiba. Kwa hivyo msije mkaniambia mahakama huwa upande wetu kila siku. Mahakama si bima. Wakati mwingine unaenda na unarudi mikono mitupu.

Oktoba 2025 sheria hiyohiyo ikafanyiwa marekebisho. Yalitiwa saini tarehe 15, pamoja na miswada mingine saba siku hiyo. Mtandao ukawaka moto. Tarehe 22 Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya kifungu cha 27 kuhusu kunyanyasa watu mtandaoni.

Lakini mswada wenyewe ulichapishwa 2024. Ulikuwa wazi kwa zaidi ya mwaka. Hasira yetu ilifika ukiwa tayari umeshakuwa sheria.

12/
Najua kuna anayesema: "Wewe unataka mtandao usiwe na sheria?" Hapana. Na hoja hiyo tusiipuuze.

Kuna watu wameibiwa akiba yote kwa simu moja ya mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja. Kuna wasichana, wengine nawafahamu chuoni, ambao picha zao za siri zilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp wakaacha kuja darasani. Kuna watoto wanaowindwa mtandaoni. Hawa wanahitaji sheria, na wanaihitaji kali. Mbunge anayetunga sheria ya kuwalinda anafanya kazi yake.

Shida ni pale kifungu cha kumlinda huyo msichana kinapoandikwa kwa maneno mapana mpaka kinamtosha pia mkubwa aliyechekwa kwa katuni. Maneno mapana hayamsaidii hata huyo msichana, kwa sababu mahakama ikiyasimamisha, yeye anabaki bila kinga. Kuandika sheria kwa uangalifu ni kumhurumia mwathiriwa. Kuandika kwa haraka ni kumtumia kama ngao.

13/
Na Bunge likiandika kwa uangalifu, matunda tunayaona.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Novemba 2019, miaka tisa baada ya Katiba, ikapatikana Sheria ya Ulinzi wa Data. Ilichelewa, lakini ilikuja na meno. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliitumia kusema kadi za Huduma Namba zilitolewa bila kwanza kupima hatari kwa data za watu.

Kisha 2023, mnakumbuka foleni za KICC? Watu kwa maelfu wakipanga mstari kupigwa picha ya jicho na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikausimamisha. Bunge la Kitaifa likaunda kamati maalum, ikahoji wahusika, ikatoa ripoti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya Wakenya zifutwe.

Hiyo pia ni sera za nje, jameni. Kampuni ya ng'ambo inakuja kuchukua kitu kutoka kwa raia maskini, nchi inasema ngoja, hapa kuna sheria. Sheria hiyo iliandikwa na wabunge.

14/
Turudi kwenye intaneti ya 25 Juni 2024.

Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba haina nia ya kuzima mtandao. Siku yenyewe, wapimaji wa mtandao wa kimataifa, NetBlocks, walirekodi mawasiliano yakishuka vibaya. Kampuni za simu zikasema kuna hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari.

Mimi sitakuambia nani anasema kweli. Nakuambia nani ana kazi ya kutafuta ukweli: Bunge. Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa kila kamati ya Bunge nguvu za Mahakama Kuu kuita mashahidi na kudai hati. Ukiwa na nguvu hiyo, swali la nyaya linahitaji mhandisi, kumbukumbu za mitambo, na asubuhi moja ya maswali.

Mei 2025 ni mashirika ya raia yaliyokwenda kortini kuomba agizo la muda kuzuia mtandao kuzimwa, na wakapewa. Tena mahakama. Tena raia ndiye aliyebeba faili.

15/
Ukipanga hii historia yote kwa mstari, utaona kitu kimoja. Kenya tumezoea kuacha Bunge liandike, kisha mahakama ifute. Tunafurahia siku ya kufuta, tunaandika "ushindi", tunasonga. Hatuhesabu kilichotokea katikati. Katikati kuna mtu aliyelala seli kwa posti. Kuna mkimbizi aliyeishi miezi miwili akihofia nambari. Kuna mwandishi aliyefuta habari yake mwenyewe kabla ya mtu kumwambia afute. Mahakama ikifuta kifungu, haiwarudishii hao siku zao.

Kazi ya mbunge ni hiyo ya katikati: kuhakikisha kosa haliingii kwenye karatasi. Hufanyika kwenye kamati, asubuhi, bila kamera nyingi, na huwa na mlango ulio wazi kwako unaoitwa ushirikishaji wa umma. Tangazo huwekwa kwenye magazeti na tovuti ya Bunge, na mara nyingi siku za kutoa maoni ni chache. Barua pepe yako moja yenye kifungu na sababu ina uzito kuliko hashtegi ya wiki mbili baada ya saini.

16/
2027 inakuja. Watakuja na fulana na unga. Wapokee vizuri, ni wageni. Kisha uliza haya manne:

Moja, uko au utaomba kuwa kwenye kamati gani?

Mbili, taja mkataba mmoja wa kimataifa uliopita Bungeni na ulisema nini juu yake.

Tatu, sheria ya mtandao ikija, ni neno gani ndani yake utakalokataa?

Nne, polisi au jeshi wakitumwa nje, utauliza swali gani kabla ya kupiga kura?

Akijibu "hayo ni ya wakubwa Nairobi", basi amekujibu. Amekuambia nani atapiga kura badala yake.

Barabara ni muhimu, nami napanda matatu kwenye mashimo kama wewe. Lakini barabara ikichelewa utalalamika mtandaoni, na uhuru wako wa kulalamika uko mikononi mwa huyohuyo mtu.

Mwisho wa uzi. Kama kuna mswada ulio kwenye kamati saa hii na unaona watu hawajauongelea, niandikie namba yake. Wiki ijayo nitausoma kifungu kwa kifungu.